Sharti Usigeuke Nyuma: Filamu za Kutisha za Miaka ya Tisini

(Hotuba niliyoitoa mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza filamu, Dodoma. Nimeiandika karibu vile vile nilivyoisema, nikipunguza tu maneno ya kujirudia na vicheko vya ukumbini.)

Mbukwenyi! Haya, nimeshajua wenyeji wamekaa upande gani. Wazee wetu wa mstari wa mbele, shikamooni. Mwenyekiti, walimu, kaka na dada zangu, na ninyi wadogo zangu mliokaa chini kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kunialika. Kazi yangu mnaijua: mimi ni mpiga video wa harusi na misiba, na muda mwingi niko mbele ya kompyuta nahariri. Si mhakiki. Ila filamu za kutisha nimezitazama tangu enzi za kuingia kwenye kibanda cha video kwa kujificha, na zimenifundisha kazi kuliko darasa lolote nililokaa.

Nimeombwa nizungumzie filamu za kutisha ninazozipenda. Nikiachiwa hivyo hivyo tutalala humu ndani, kwa hiyo nimejifunga kwenye muongo mmoja, 1990 mpaka 1999. Nimeuchagua kwa sababu ndio muongo ambao picha zilihamia majumbani kwetu. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya sabini, sisi Bara tukasubiri mpaka 1994, na ile ya taifa ikaja 2000. Kabla ya hapo aliyetaka kuona filamu nyumbani alihitaji luninga ya kichogo, deki na mkanda. Na mkanda wenyewe ulikuwa umeshapita mikono ya watu hadi picha inakatika, chenga zinapanda kutoka chini, sauti inazama kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Mliozaliwa na simu mkononi hamkuipata raha ile, wala adha yake. Nitaurudia mkanda huo mbele ya safari, maana kuna filamu moja imejengwa juu yake.

Dai langu ni moja, na nalisema mapema ili wenye kuwahi daladala waondoke nalo. Filamu ya kutisha inasimama juu ya sharti. Jini lako liwe na meno ya namna gani, damu yako iwe ndoo ngapi, kama hakuna sharti utawashtua watu kwa sekunde mbili, kisha watacheka na kuendelea kula karanga.

Sharti tunalijua sote. Ukikaa na bibi akikusimulia hadithi, haipiti mbali kabla hujalisikia. Kijana anaambiwa vyumba sita afungue, cha saba asikiguse. Binti anaambiwa akitoka kisimani asigeuke nyuma hata akiitwa kwa jina la mama yake. Hata mganga akitoa dawa hutoa na sharti: njiani usisalimiane na mtu. Sasa angalieni linachomfanya msikilizaji. Anajua papo hapo kwamba sharti litavunjwa, maana lisipovunjwa hakuna hadithi. Hajui lini. Basi anakaa anasubiri, na kule kusubiri ndiko hofu inakolelewa. Bibi hakuwa na kamera wala spika. Alikuwa na sharti, na alijua kuchelewa.

Tuingie kwenye filamu zenyewe.

Ya kwanza ni The Silence of the Lambs ya 1991, ya mwongozaji Jonathan Demme. Najua kuna watakaosema hiyo ni filamu ya polisi. Sawa, ila Hannibal Lecter anakula watu, na mimi sijui polisi gani huyo. Ilizoa Oscar tano kubwa kwa mpigo: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike, na mswada. Ni filamu tatu tu zilizowahi kufanya hivyo, na nyingine mbili hazihusiani na hofu hata kidogo. Anthony Hopkins, aliyemwigiza Lecter, ndani ya filamu ya karibu saa mbili anaonekana kwa muda usiofika nusu saa. Jiulizeni imekuwaje tunamkumbuka yeye peke yake.

Imekuwa hivi. Kabla hatujamwona tunapewa masharti, tena mengi. Clarice, binti anayesomea kazi ya upelelezi, anatumwa gerezani akamhoji. Bosi wake anamwambia: usimweleze jambo lolote la maisha yako. Akifika kule, mkuu wa hospitali ya wafungwa anatembea naye kwenye korido huku akimhesabia. Usiguse kioo. Usikikaribie kioo. Usimpe kitu isipokuwa karatasi laini. Kalamu hapana, penseli hapana. Akikupa kitu, usipokee. Wanateremka ngazi, milango ya chuma inafungwa mmoja baada ya mwingine, taa zinageuka nyekundu, na sisi bado hatujamwona mtu. Halafu anaachwa atembee peke yake kupita vyumba vya wafungwa wengine, wote wenye nondo. Cha mwisho hakina nondo, kina kioo. Na nyuma ya kioo amesimama mzee nadhifu, wima, mikono imetulia, kana kwamba alikuwa anamsubiri mgeni wake. Anasalimia kwa adabu.

Kama angekuwa anapiga kelele na kurusha matusi, tungepumua. Adabu ile ndiyo inayomaliza watu.

Na mpiga kamera yeyote aliyeko humu aitazame tena kwa jambo hili: Lecter anapozungumza, anaangalia katikati ya lenzi, yaani anakuangalia wewe. Clarice naye mara nyingi anaangalia pembeni kidogo ya lenzi. Kwa hiyo bila kujua umekalishwa kwenye kiti cha Clarice. Na masharti yanavunjwa kwa mdomo wake mwenyewe: anaanza kumsimulia Lecter habari za marehemu baba yake. Hapo hakuna kisu wala damu, watu wawili wanaongea tu. Nimeshawahi kuwaonyesha sehemu hiyo vijana ninaofanya nao kazi, na hakuna aliyegusa simu yake.

Mwaka uliofuata, 1992, ikatoka Candyman ya Bernard Rose. Sharti lake kila mtoto analielewa: simama mbele ya kioo, taja jina lake mara tano. Ukishalisikia, nenda kanawe uso usiku uone kama hutakiangalia kile kioo kwa jicho la wizi. Anayemwigiza ni Tony Todd, mrefu, koti refu, sauti nzito ya polepole, na ndoana badala ya mkono. Nyuki wanaomtoka mdomoni ni nyuki kweli. Alisimulia mwenyewe kwamba aliweka mkataba alipwe dola 1,000 kila akiumwa. Ninyi mnaolalamika posho, jifunzeni hapo.

Hadithi yenyewe ilitoka kwenye kisa alichokiandika Mwingereza Clive Barker, kikiwa Liverpool. Rose akakihamishia Chicago, kwenye nyumba za serikali za Cabrini-Green, walikokuwa wakiishi Wamarekani Weusi maskini. Na humo akaingiza jambo la kweli. Mwaka 1987 huko Chicago, kwenye nyumba nyingine za aina hiyo, mama mmoja aliuawa na watu waliopenya kupitia kabati la kioo la bafuni, kwa sababu vyumba viwili vilijengwa migongo ikigusana na kati yake hapakuwa na ukuta wa maana. Fikirieni. Kioo unachotajia jina la jini, nyuma yake kweli kuna tundu na kweli mtu anaweza kutoka. Hiyo ndiyo sehemu iliyoninyima usingizi. Damu ya nusu ya pili nadhani ilizidi.

Hapa nisimame kidogo, na nalisema bila utani. Candyman katika hadithi ni mtoto wa mtumwa, mchoraji, aliyempenda binti wa kizungu. Kundi la watu likamkata mkono, likampaka asali nyuki wamuume mpaka afe. Yaani jini la filamu ni mtu aliyeuawa na umma wenye hasira. Sasa sisi huku kwetu tukitaka kutisha tunamchukua nani? Bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi miaka hamsini jikoni. Mnajua fika kwamba katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyo hiyo, na ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani za namna hiyo. Atakayeniletea mswada ambao mchawi ni bibi mwenye macho mekundu nitamrudishia bila kuusoma ukurasa wa pili. Na si kwa uungwana tu. Ni uvivu. Hofu rahisi ni hofu ya kuazima.

Tuendelee. Mwaka huo huo wa 1992, Nigeria, ikatoka Living in Bondage. Kenneth Nnebue aliitoa, Chris Obi Rapu akaiongoza, kwa Kiigbo, ikapigwa kwa kamera ya video na kuuzwa moja kwa moja kwenye mikanda. Wengi wanaihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango wa Nollywood, nami kwangu ni filamu ya kutisha. Andy anataka utajiri wa haraka, anaingizwa kwenye kundi la siri, na sharti analopewa ni kumtoa mke wake anayempenda, Merit. Anajaribu ujanja wa kumpeleka kahaba badala ya mke, hila inagundulika. Mwisho anampeleka mke. Pesa zinakuja, na Merit naye anakuja, akiwa ameshakufa.

Kiufundi ina matatizo, sitawadanganya. Taa zimekaa vibaya, sauti inaruka, mzimu unaonekana kabisa ni dada aliyepakwa poda. Lakini siku Merit anapopelekwa anamwamini mume wake mpaka dakika ya mwisho, na sisi tunajua. Poda haiharibu kitu hapo.

Sasa, wale wa umri wangu mnakumbuka kanuni ya kibandani. Tuliingia na kuuliza swali moja: stelingi nani? Ukishaonyeshwa stelingi, roho inatulia, kwa sababu stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafungwa minyororo, ila mwisho ataamka ampige adui. Mtu aliyebishana na kanuni hiyo alionekana hajaona mapicha. Basi mwaka 1996 Wes Craven akatoa Scream, iliyoandikwa na Kevin Williamson, na mwigizaji maarufu kuliko wote waliokuwemo, Drew Barrymore, ambaye sura yake imejaa kwenye tangazo la filamu, anauawa dakika za mwanzo kabisa. Mwongozaji Hitchcock aliwahi kucheza mchezo huo 1960, kwenye Psycho, ndiyo, lakini kwetu ule mkanda wa zamani haukuwa umefika. Stelingi amekufa, filamu ndiyo kwanza imeanza. Umebaki uchi. Tangu hapo humwamini mtu yeyote humo ndani kwamba atapona.

Ile sehemu ya mwanzo nawaomba muitazame kama mwanafunzi anavyotazama mtihani wa mwaka jana. Binti yuko nyumbani peke yake, anaweka bisi jikoni, simu inaita. Sauti ya kiume, ya upole, imekosea namba. Inaita tena. Mazungumzo yanakuwa matamu, karibu ya kutongozana. Kisha sauti inamuuliza jina lake, anajibu kwa nini unataka kujua, na sauti inasema: nataka kujua namwangalia nani. Hapo tu. Kinachofuata ni sharti: jibu maswali kuhusu filamu za kutisha, ukikosa rafiki yako aliyefungwa kwenye kiti huko nje anakufa. Na muda wote huo bisi ziko jikoni, kifuko kinavimba, kinavimba, moshi unaanza. Craven ametumia bisi badala ya saa ya ukutani. Hazikumgharimu hata shilingi elfu mbili. Na mwigizaji wa ile sauti, Roger L. Jackson, alikuwa anapiga simu kweli pale pale wakati wa kupiga picha, huku amefichwa, Barrymore hamwoni.

Mbele katika filamu kuna kijana anawaorodheshea wenzake masharti ya kupona ndani ya filamu ya kutisha, mojawapo usiseme hata siku moja "narudi sasa hivi". Watu wanacheka. Nami nilicheka. Ila filamu imekutajia masharti yake waziwazi na bado inakutisha nayo, na huo ni ufundi ambao waigaji wake wa miaka iliyofuata hawakuupata. Wao walichukua kinyago wakaacha bisi.

Sasa ile ya mkanda. Japani, 1998, Ringu, mwongozaji Hideo Nakata, kutokana na riwaya ya Koji Suzuki. Mkiniuliza muongo wote nibaki na moja, nabaki na hii.

Kuna mkanda wa video. Ukiutazama, simu inaita, na baada ya siku saba unakufa. Mwandishi wa habari, mama mwenye mtoto mdogo, anaufuatilia, anaupata, anautazama. Simu inaita. Kuanzia hapo filamu inatuwekea siku kwenye kioo, na sisi tunahesabu naye. Hakuna anayemkimbiza mtu. Watu wanapanda meli, wanauliza wazee, wanapekua magazeti ya zamani. Alama pekee kwamba kuna jambo ni picha: mtu aliyeutazama mkanda akipigwa picha, uso wake unatoka umepinda na kufifia. Mimi ninayeishi kwa kupiga picha za watu, jambo lile lilinikaa vibaya. Kuna harusi moja huko Kisasa picha za bwana harusi zilitoka zimetetemeka, nikakaa nazo kwenye kompyuta nikijiambia ni lenzi, ni lenzi tu.

Wasioiona wazibe masikio sasa. Siku ya saba wanautafuta kisimani mwili wa Sadako, binti ambaye mzimu wake ndio uliomo kwenye mkanda, wanaupata, mama anaukumbatia, saa inapita, mama hafi. Sisi tumelelewa kwenye hadithi kwamba mwili ukipatikana na kuheshimiwa, mzimu unatulia. Basi tunapumua. Kesho yake aliyekuwa mume wake yuko kwake anaandika, luninga inajiwasha. Kisima. Mkono. Binti mwenye nywele zilizofunika uso anatambaa, anasogea, anafika kwenye kioo cha luninga, na anatoka. Wanasema mwigizaji alitembea kinyumenyume kisha mkanda ukarudishwa nyuma, ndiyo maana viungo vinakwenda mwendo usio wa binadamu. Hakuna kompyuta ya ajabu hapo. Ni kurewaindi.

Kwa nini mama alipona? Kwa sababu bila kujua alikuwa ameurekodi mkanda na kumpa mwenzake atazame. Sharti la kweli lilikuwa hilo: sambaza. Ukisambaza unapona, ukinyamaza unakufa. Filamu inaisha mama yuko ndani ya gari, ana mkanda na deki, anakwenda kwa baba yake mzazi, maana mtoto wake naye ameutazama.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hili sijalisikia likisemwa. Mwaka 1995, miaka mitatu kabla ya filamu hiyo, Pemba na Unguja watu walikuwa wanalala nje kwa makundi wakiogopa popobawa, jini la usiku. Sitaeleza alichosemekana kufanya, wazee wapo na watoto wapo. Lakini sharti lake mnalikumbuka? Aliyeingiliwa lazima awasimulie wenzake. Akificha, anarudiwa. Sadako na popobawa hawajawahi kukutana, wala Suzuki alipoandika riwaya yake mwaka 1991 hakuwa na habari za Pemba. Hata hivyo wamefikia sharti lile lile, kwa sababu uvumi wenyewe ndivyo unavyoishi: mdomo kwa mdomo, mkanda kwa mkanda. Na leo kila asubuhi kuna mtu anakutumia ujumbe kwenye simu, tuma kwa watu kumi usipopenda mabaya yakupate. Mnacheka, ila kuna mliozituma. Naziona nyuso.

Kutoka Japani hiyo hiyo kuna Audition ya Takashi Miike, 1999. Sehemu kubwa ya filamu ni ya mapenzi, mjane wa kiume anatafuta mke, anampata binti mpole. Sharti la binti: unipende mimi peke yangu. Kuna picha moja tu ninayotaka muione. Chumba kitupu, binti amekaa sakafuni ameinamisha kichwa, mbele yake simu, nyuma yake gunia limefungwa. Tunakaa hapo. Simu inaita. Gunia linaruka. Mwisho wa filamu sishauri mtu autazame akiwa ameshiba.

Ya The Sixth Sense, 1999, sisemi mengi, inapendwa na wengi. Mimi nimeiweka pembeni kwa sababu sharti lake kuu limefichwa mpaka mwisho, kwa hiyo ukitoka unasikitika kuliko unavyoogopa.

Nimalizie na ile inayowahusu ninyi mfukoni. The Blair Witch Project, 1999, ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez. Wanafunzi watatu wanaingia msituni kurekodi habari za mchawi wa zamani, wanapotea, tunachotazama ni mikanda yao iliyookotwa. Ilipigwa kwa siku nane, mwaka 1997, kwenye misitu ya Maryland. Waigizaji walishika kamera wenyewe na kutumia majina yao ya kweli. Waongozaji waliwaachia maelekezo kwenye vikopo, wakawapunguzia chakula siku hadi siku, na usiku wakaja kutikisa hema na kucheza sauti za watoto zilizorekodiwa. Gharama ya kupiga picha haikufika dola 100,000. Iliingiza karibu dola milioni 250 duniani kote.

Mchawi haonekani. Hata kivuli. Mnaona mawe yaliyopangwa nje ya hema, vijiti vilivyofungwa mfano wa mtu, na siku nzima ya kutembea kuelekea kusini inayoishia kwenye gogo lile lile walilovuka asubuhi. Mwanzoni kabisa wenyeji wa mji wanahojiwa, na mmoja anasimulia juu ya muuaji aliyewasimamisha watoto kona, uso ukutani, wakati anamuua mwenzao. Imesemwa mara moja, haraka haraka, katikati ya maongezi. Unaisahau. Sekunde ya mwisho ya filamu kijana mmoja amesimama kona, uso ukutani. Kamera inaanguka.

Sentensi moja ya saa nzima iliyopita imefanya kazi ya milioni za vinyago.

Sasa kazi yenu. Kwanza, sauti. Nimekuwa nikipelekewa filamu fupi za kutisha kutoka hapa na Singida na Kondoa, na nyingi zina ugonjwa mmoja, muziki hauzimwi. Nadhani tumelelewa na watafsiri wa mtindo wa Lufufu, wanaoongea Kiswahili juu ya filamu ya kigeni, na kwa ngumi na mapenzi nawaheshimu sana, mtu mmoja anaigiza ukumbi mzima. Ila weka mtafsiri juu ya Ringu uone. "Sasa huyu dada anatoka kisimani jamani!" Imekwisha. Filamu ya kutisha inahitaji nafasi tupu, na Dodoma ina sauti za bure ambazo Dar hawana. Upepo wa Julai unaopita kwenye nyufa za madirisha. Mabati yanayopiga tik, tik, usiku yakipoa baada ya jua la mchana. Fisi, kwa mliopakana na vilima. Rekodini hizo kwanza kabla hamjashusha muziki wa bure kwenye intaneti.

Pili, acheni kutafuta msitu. Hatuna msitu wa Maryland. Tuna nyumba za kupanga, vyumba sita uani, choo kimoja, tangi la maji moja. Na tuna mgao. Sote hapa tumeshaamka saa nane usiku kwa sababu bomba limeanza kutoa, na kila mpangaji anakinga ndoo gizani. Basi nawapa kisa, atakayekitaka achukue. Mwanafunzi mgeni anapanga chumba huko Nkuhungu. Mama mwenye nyumba ni mama wa kawaida, mchangamfu, anamtajia kodi, anamwonyesha pa kuanikia nguo. Wakati anampa ufunguo anaongeza: usiku ukisikia mtu anakinga maji, usiwashe taa, na usimsalimie mpaka akusalimie yeye. Anaondoka zake. Filamu nzima ni dakika kumi. Usiku wa kwanza, maji yanaingia ndooni, yanajaa, ndoo inabebwa, nyayo. Kawaida. Usiku wa pili, maji yanaingia ndooni, yanajaa, yanafurika, na ndoo haibebwi. Yanaendelea kumwagika. Bili ni ya kuchangia. Mtu gani mwenye akili timamu atavumilia?

Hiyo haihitaji kinyago wala rangi nyekundu. Inahitaji ndoo, bomba, na mwigizaji anayejua kusikiliza. Ila sharti mlitaje mara moja tu, na mlitaje katikati ya habari za kodi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Projekta iko tayari, tutaanza na dakika za kwanza za Scream bila sauti, kisha tutazirudia na sauti, halafu nitawauliza kila mmoja aliogopa wapi. Wenye mitihani kesho wanaruhusiwa kuondoka. Taa za nyuma naomba zizimwe, na yule kijana wa mlangoni, tafadhali funga, lakini usifunge kwa komeo, lile linakwama.